Pikipiki milimani: kwa nini kona humtoa mwendeshaji upande wake

Barabara ya lami inayotoka Mombo kwenda Lushoto, kaskazini mashariki mwa Tanzania, ina urefu wa takriban kilomita 33. Katika umbali huo mfupi hupanda kiasi cha mita 1,000, ukuta wa mlima ukiwa upande mmoja na bonde upande wa pili.

Mabasi, malori ya mboga na waendesha bodaboda hugawana njia hiyo nyembamba. Katika kona nyingi, anayepanda hamwoni anayeshuka mpaka wawe wamekaribiana.

Usalama wao hutegemea jambo moja: kila mmoja abaki upande wake. Mwendesha pikipiki huona ni jambo jepesi, kwa kuwa chombo chake ni chembamba. Hata hivyo, yeye ndiye anayeweza kuvuka mstari wa katikati bila kukusudia.

Mwendo hupunguzwa kabla ya kona

Nguvu inayohitajika ili pikipiki ifuate kona haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Hata kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 40 tu, ongezeko hukaribia asilimia 80.

Ndiyo maana kona iliyopitika vizuri asubuhi inaweza kumshinda mtu yule yule jioni, akiwa na haraka kidogo, abiria wawili na gunia la viazi.

Kanuni ya kwanza, basi, ni kumaliza kazi ya breki na gia wakati pikipiki bado imesimama wima. Ndani ya kona, mwendeshaji hubaki na gia ndogo na mafuta kidogo yasiyobadilika ghafla. Kwenye mteremko, gia hiyo ndogo huizuia pikipiki, na breki hazipati moto kupita kiasi. Kuzima injini ili kuokoa petroli ni kuutupa msaada huo.

Hofu na macho

Mwaka 1981 kulichapishwa nchini Marekani utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, baada ya kuchunguzwa ajali za pikipiki zipatazo 900 mjini Los Angeles na viunga vyake.

Katika ajali zisizohusisha chombo kingine, takriban theluthi mbili zilitokana na kosa la mwendeshaji. Makosa ya kawaida yalikuwa kukaza breki mno na kuanguka, au kutanuka nje ya kona, ama kwa mwendo mkubwa ama kwa kutoilaza pikipiki vya kutosha.

Sababu hiyo ya mwisho ina funzo. Mwendeshaji akishtuka, huukodolea macho mwamba au lori analoliogopa, hukaza mikono na kubana breki. Pikipiki husimama wima na kwenda moja kwa moja, kule kule alikokuwa akikuogopa.

Dawa yake ni kutazama mwisho wa kona na kuusukuma mbele kwa upole mkono wa usukani ulio upande wa kona: wa kushoto kwa kona ya kushoto, wa kulia kwa kona ya kulia. Pikipiki hulala zaidi na kukata kona. Jambo hili hujifunzwa mahali pa wazi na kwa mwendo wa wastani, si mbele ya lori.

Tairi ndani, kichwa nje

Tanzania, Kenya na Uganda vyombo hupita kushoto. Katika kona ya kulia, mwendeshaji hulalia upande wa mstari wa katikati. Tairi zake zinaweza kuwa ndani ya mstari huku kichwa chake kikiwa nusu mita au zaidi upande wa pili, mahali ambapo kioo cha basi linalokuja kitapita. Hapo hana budi kukaa upande wa kushoto wa njia yake, bila kufika kwenye kokoto za ukingoni.

Katika kona ya kushoto hatari ni nyingine. Anayekata mapema na kuubana ukingo wa ndani hujikuta akitupwa kulia anapotoka, hadi mbele ya wanaokuja. Ni heri kuingia katikati ya njia yake, kusubiri mpaka aone kona inakoishia, kisha kukata.

Mkono unapobadilika

Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia, na kila kilichoelezwa hapo juu hugeuka. Anayetoka Kabale, Uganda, akavuka mpaka wa Gatuna kuingia Rwanda, hubadili upande wa barabara bila milima kubadilika. Kona ya kushoto sasa ndiyo inayokipeleka kichwa chake juu ya mstari.

Vivyo hivyo kwa aliyejifunza kuendesha Muscat au Minneapolis, akarudi nyumbani likizo na kuazima pikipiki ya ndugu. Barabara ikiwa tupu, mazoea ya mkono wa kulia humrudia, na kona ndipo anapogundua kosa.

Abiria naye ana sehemu yake

Abiria anayejivuta upande wa pili kwa woga humzuia mwendeshaji kuilaza pikipiki. Inampasa akae karibu naye, ashike imara, avae kofia ngumu na kuufuata mwili wa aliye mbele yake.

Mwendesha bodaboda hulipwa kwa safari, na wengi wana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki kila jioni. Haraka yake ina sababu. Kwa hiyo anayepatana nauli pale Mombo na apatane na mwendo pia, kabla ya kupanda. Katikati ya kona, maneno hayo yatakuwa yamechelewa.