Maua katika Nyumba ya Baridi

Familia za pwani zilizohamia Machakos, kwa kazi au kwa ndoa, huuona mwezi wa Julai kuwa mrefu. Mji uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ukungu huifunika milima ya Iveti, madirisha hufungwa, na wazee na watoto hushinda ndani. Mwasumini ulioletwa kutoka Mombasa nao hudumaa, kwani hupenda joto. Na pasipo asumini hapana kikuba.

Ulaya, baridi ikikaza, bustani hulala mpaka majira ya kuchipua. Kwetu sivyo. Karibu na Ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na mashamba ya Athi River, katika kaunti hii hii ya Machakos, huvuna mawaridi hata Julai.

Ukipata shada, hata la mashina matano, kata ncha zake mshazari kwa kisu kikali, ondoa majani yatakayozama, na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Liweke mbali na ndizi zinazoiva, kwani hewa itokayo katika matunda huharakisha kunyauka. Liepushe pia na jiko la makaa. Na jiko lenyewe lisiwake katika chumba kilichofungwa, maana hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Lile ua jeupe lenye umbo la faneli, liotalo penye majimaji, hupendeza mezani. Lakini utomvu wake huwasha kinywa, basi watoto wasilifikie.

Mwasumini usiutupe. Upande katika chungu, uingize ndani usiku, na mchana uuweke kwenye dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa mwezi huu jua la adhuhuri huelemea upande huo. Maji yawe kidogo. Joto likirudi, kuanzia Septemba, uongezee samadi na maji, utachipua upya.

Na ikiwa nyumbani yumo bibi aliyeletwa bara kutunzwa, mkabidhi yeye shada hilo: achague mahali pake, abadilishe maji, awafundishe wajukuu kutunza mwasumini. Mikono iliyotunga vikuba miaka mingi haikuzoea kukaa bure, na asumini za kwanza zikichanua, yeye ndiye wa kuwaonyesha jinsi ya kuzitunga.