Kabla ya kulaumu ndege, tumpige picha kwanza

Ndugu memba wa koperative, kila msimu wa kakao tunasikia neno moja katika mashamba ya Boga: "Ndege wanatumaliza." Tukiuliza ni ndege gani, jibu linakuwa fupi: "wale weusi", ama "wale wadogo wa njano". Halafu mmoja anashauri tukate miti ya kivuli juu ndege wakose pa kukaa, na mwengine anaulizia sumu ya kutega. Ni hapo tunaomba watu wangoje kidogo. Mti mkubwa wa kivuli unaanguka kwa siku moja, lakini kuurudisha ni kazi ya miaka mingi. Na sumu haichagui: inaua mwizi, inaua mlinzi, inaua na kuku wa jirani.

Tunasema mlinzi, na si maneno ya kufurahisha watu. Kule Sulawesi, Indonesia, watafiti walifunika miti ya kakao kwa nyavu: wadudu walipita, ndege na popo hawakupita. Matokeo yalitoka mwaka 2013: pale ndege na popo walipofungiwa nje, mavuno yalishuka kwa 31 kwa mia. Kwenye kahawa ya Kilimanjaro, Tanzania, kazi ya namna ile ile ilitoka mwaka 2014: miti ambayo ndege na popo waliifikia ilishika matunda karibu 9 kwa mia zaidi. Hatusemi Boga itapata namba zile zile. Udongo ni mwengine, ndege ni wengine. Lakini mtu mwenye kufukuza kila kitu chenye mabawa anaweza kuwa anafukuza wafanyakazi wasiodai posho.

Wezi nao wako, ni kweli. Ndege mfumaji, yule wa njano mwenye kichwa cheusi anayejenga viota vingi pamoja kijijini, anakula mpunga na mtama, na anachana majani ya michikichi, ile tunaita ngazi, kutengeneza kiota chake. Lakini ganda la kakao lenye tundu? Mara nyingi ni kindi, panya ama nyani. Ndege anakuja nyuma, anaokota wadudu kwenye ganda lililokwisha kutobolewa, na mwenye shamba anafika saa ile ile. Basi ndege anashikwa na kesi ya mwengine.

Ushahidi unapatikana namna gani? Simu haitoshi. Tuhesabu pamoja. Ndege wa sentimita 15 akikaa mbali na wewe metre 10, kwenye picha ya simu ya kawaida anachukua kama sehemu moja ya 90 ya upana wa picha. Ni nukta. Ukitumia kamera kubwa yenye lenzi ya milimita 400, ndege huyo huyo, mahali pale pale, anachukua sehemu moja ya 6. Hapo unaona mdomo, unaona jicho, unaona kama ameshika kiwavi ama mbegu. Kile kitu alichoshika ndicho tunatafuta. Milimita hizo ni nguvu ya lenzi ya kuvuta karibu: namba ikiongezeka mara mbili, ndege naye anaonekana mkubwa mara mbili. Lakini akienda mbali mara mbili, anarudi kuwa mdogo. Kwa hiyo lenzi ndefu haiondoi kazi ya kujua kunyamaza na kungoja.

Kamera za zamani za lenzi ya kubadilisha zilikuwa na kioo ndani. Kila ukifinya, kioo kinaruka: "klak!" Ndege anasikia, amekwenda. Toka mwaka 2008 zilianza kutoka kamera zisizo na kioo hicho. Mwangaza unapita kwenye lenzi, unafika moja kwa moja kwenye kibati kinachosoma picha, na wewe unaona kwenye kioo kidogo picha kama itakavyotoka, ikiwa nyeusi sana ama nyeupe sana. Nyingi zinaweza kupiga bila sauti hata kidogo. Na zile za miaka hii zinatafuta jicho la ndege zenyewe na kulifuata, hata akirukaruka kwenye matawi. Kwa mkulima asiyekuwa fundi wa picha, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Namna ya kupiga haina siri. Njoo toka jua linachomoza hadi saa tatu, wakati ndege wana njaa. Kaa chini, jua likiwa mgongoni mwako, na usimfuate ndege: chagua mti mmoja anaourudia, mngoje hapo. Kwa ndege aliyetulia, weka kasi ya sekunde moja kugawanya kwa 500. Akiwa anaruka, gawanya kwa 2 000. Chini ya kakao kuna giza, kwa hiyo pandisha namba ya ISO hadi 3 200 ama 6 400. Picha itatoka na punje-punje kama mchanga. Haina shida, hatutafuti picha ya kupamba ukuta, tunatafuta kujua nani anakula nini. Piga nyingi mfululizo, kumi ama ishirini, halafu ubakishe mbili.

Kuna hadithi ya msitu wetu wa Ituri inayoonyesha thamani ya ushahidi kamili. Mwaka 1913, kule Avakubi, mtafiti Mmarekani James Chapin aliona nyoya moja kwenye kofia ya mtu wa hapo. Hakuna aliyeweza kumwambia ni la ndege gani. Ni mwaka 1936 tu, ndani ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, alipoona ndege wawili waliokaushwa, wenye nyoya kama lile. Alikuwa tausi wa Kongo. Miaka 23 kwa sababu ya nyoya moja! Picha moja safi ingefupisha safari ile.

Sasa neno zito. Lenzi ndefu, kwa mbali, inafanana na silaha. Toka usiku wa kuamkia 31 Mei 2021, Boga na Tchabi hakuna mtu anayehitaji kuelezwa kwa nini watu wanaogopa mgeni anayejificha kwenye kichaka na kitu kirefu mkononi. Kwa hiyo mtu asitoke na kamera peke yake. Kwanza shefu wa kijiji ajue, wakuu wa usalama wajue, na majirani wa shamba wajue siku na saa. Nguo za rangi ya jeshi, hapana. Picha ya askari, ya bariyeri ama ya daraja, hapana kabisa, hata kama ndege mzuri amekaa juu yake. Na kama njia ya shamba haiko salama siku hiyo, kakao ingoje.

Jambo lingine ni kasuku. Toka Januari 2017, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu aliyekamatwa porini imekatazwa. Ukipiga picha ya tundu lake, usiitume kwenye WhatsApp na jina la mahali. Wanaomtafuta ili kumkamata nao wanasoma.

Bei? Kamera mpya na lenzi ya milimita 400 mara nyingi vinapita dola 1 000. Maoni yetu ni haya: koperative moja peke yake isinunue. Hizo pesa zina kazi nyingine, kwanza masanduku ya kuchachushia na turubai za kukaushia. Kamera moja kwa koperative nyingi, ikizunguka kwa zamu na kuandikwa kwenye daftari, inatosha. Wengine waanze na darubini, ile jumeli, ambayo ni ya bei ndogo. Batri moja inapiga kama picha 300 hivi, basi muwe na mbili na paneli ya jua. Unyevu wa huku unaotesha ukungu ndani ya lenzi: iwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Na simu isitupwe. Ganda lililotobolewa halikimbii: lipige picha kwa karibu, uweke kidole pembeni kuonyesha ukubwa wa tundu. Pia chini ya mti anapolala bundi, piga picha ya vile vidonge vya manyoya na mifupa anavyotapika, utaona ndani fuvu za panya. Tunajua watu wengi hawampendi. Kila picha iandikiwe tarehe, saa, shamba gani, na mmea uliokuwa unaliwa, halafu mtuletee tukija kwenye mkutano wa mwezi, tuangalie pamoja.