Kauli ya Wakati Ujao: Jinsi Chipukizi wa Mpira wa Vikapu Wanavyopangwa katika Ligi ya Kukuza Vipaji

Utangulizi

Nyota njema huonekana asubuhi, walisema wahenga. Methali hii haikosi vinywani mwa watangazaji wa michezo kila kijana anapofunga vikapu vingi kuliko wenzake. Hata hivyo, wahenga hao hao walitwambia kwamba dalili ya mvua ni mawingu, wala hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua. Baina ya methali hizi mbili ndipo ilipo kazi ya mtu anayeketi kuwapanga wachezaji chipukizi, wa kwanza hadi wa mwisho, kabla hawajakomaa.

Makala haya yananuia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa katika ligi ya kukuza vipaji vya mpira wa vikapu nchini Marekani, ligi ambayo imewapokea vijana wengi kutoka bara letu. Hoja yetu ya msingi ni kwamba orodha ya chipukizi ni kauli ya wakati ujao, ilhali wasomaji wengi huisoma kana kwamba ni kauli ya wakati uliopo. Mwanafunzi wa Kiswahili angesema kwamba hilo ni kosa la njeo. Ni kosa dogo kwenye karatasi, lakini gharama yake hulipwa na kijana aliyeorodheshwa.

Ligi na Kinachogombewa

Ligi tunayoizungumzia ilianza katika msimu wa 2001/02 ikiwa na timu 8, zote za kusini-mashariki mwa Marekani. Kwa miaka mingi ilijulikana kama D-League, na tangu 2017 imeitwa G League kutokana na jina la mfadhili wake. Kufikia msimu wa 2024/25 ilikuwa na timu 31. Timu 30 kati ya hizo zilifungamana na timu za ligi kuu ya NBA, na moja ilikuwa na makao yake katika Jiji la Mexico.

Kuna njia mbili kuu za kutoka ligi hii kwenda ligi kuu. Njia ya kwanza ni uteuzi wa kila mwaka, ambapo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu katika raundi mbili. Timu zilizofanya vibaya ndizo hupata nafasi za mapema, na baadhi ya nafasi hizo huamuliwa kwa bahati nasibu. Njia ya pili ni mkataba wa moja kwa moja, ukiwemo ule ulioanzishwa 2017 unaomruhusu mchezaji kuhama baina ya ligi hizi mbili katika msimu mmoja.

Tofauti ya kipato baina ya ngazi hizi mbili ni kubwa mno. Katika msimu wa 2019/20, mshahara wa kawaida wa mchezaji wa G League ulikuwa dola 35,000 kwa msimu mzima. Mshahara wa chini kabisa wa mchezaji mgeni katika NBA mwaka huo ulikuwa dola 898,310. Basi anayemshusha kijana katika orodha anagusa riziki ya watu wengi, kwani nyuma ya kijana mmoja mara nyingi kuna ukoo mzima unaomtazama.

Umri wa Mwili na Umri wa Mchezo

Jambo la kwanza analouliza msaka vipaji ni umri. Tuchukue mfano wa kubuni. Mchezaji wa miaka 26 anafunga pointi 22 kwa mchezo, na mwingine wa miaka 19 anafunga 16. Anayetaka kushinda mchezo wa leo atamchagua yule wa kwanza. Anayepanga chipukizi atamweka juu yule wa pili, kwa kuwa amesimama miongoni mwa watu wazima na bado ana miaka kadhaa ya kukua. Orodha mbili zinaweza kutofautiana kabisa na zote zikawa sahihi, mradi kila moja iseme inajibu swali gani.

Hata hivyo, umri una sura mbili. Pascal Siakam wa Kameruni aliteuliwa na Toronto mwaka 2016 akiwa wa 27. Alipoichezea Raptors 905, timu ya kukuzia vipaji ya Toronto, alikuwa karibu kufikisha miaka 23, umri ambao wapangaji wengi wangeuona umepita. Lakini Siakam alikuwa ameanza kuushughulikia mchezo huu akiwa tayari amebalehe. Umri wake wa mwili ulikuwa mkubwa, ila umri wake wa mchezo ulikuwa mdogo. Mwaka 2017 Raptors 905 ilitwaa ubingwa, naye akatajwa mchezaji bora wa fainali. Mwaka 2019 alikuwa bingwa wa NBA na akatuzwa kama mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi katika ligi kuu. Inafaa kutaja kwamba msimamizi wa timu ya Toronto wakati huo, Masai Ujiri, ni mwana wa mama Mkenya, na kwamba mchezaji mwenzake Siakam, Fred VanVleet, ambaye hakuteuliwa na timu yoyote mwaka 2016, alipitia timu hiyo hiyo ya 905.

Takwimu na Mipaka Yake

Jambo la pili ni takwimu. Wengi hudhani kwamba takwimu hazidanganyi. Kwa hakika takwimu hazisemi lolote mpaka ziulizwe swali. Pointi 20 zilizofungwa katika dakika 40 si sawa na pointi 20 za dakika 25. Vivyo hivyo, mchezaji anayepewa mpira katika kila shambulizi hawezi kulinganishwa moja kwa moja na mwenzake anayesubiri pasi pembeni. Ndiyo maana wapangaji makini huhesabu kwa kiwango cha dakika au cha mashambulizi badala ya kwa mchezo.

Sheria za ligi nazo zina athari zake. Tangu msimu wa 2019/20, mchezaji wa G League aliyechezewa rafu akirusha hupewa mtupo huru mmoja tu, unaobeba thamani ya pointi zote alizostahili, isipokuwa katika dakika 2 za mwisho wa mchezo na katika muda wa ziada. Sheria hii ilikusudiwa kuharakisha mchezo. Lakini mitupo huru ni mojawapo ya dalili zinazoaminika zaidi za ubora wa mkono wa mchezaji, kwani hurushwa bila mpinzani na kutoka mahali pale pale. Mitupo ikipungua, dalili nayo hufifia.

Mfano bayana ni Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, mji wa Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Mwaka 2021 aliichezea Ignite, timu maalumu ya G League iliyoundwa 2020 kwa ajili ya vijana walioamua kutopitia chuoni. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona, msimu huo ulifupishwa na kuchezwa mahali pamoja, katika eneo la Orlando. Kuminga alicheza michezo 13, akafunga wastani wa pointi 15.8, na mitupo yake ya mbali iliingia kwa asilimia 24.6. Je, hiyo ilikuwa picha ya mkono wake au ya majuma machache tu? Michezo 13 haitoshi kujibu. Timu ya Golden State ilimteua wa 7 mwaka huo, ikitazama zaidi nguvu, wepesi na umri wake wa miaka 18. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa wachezaji wa timu hiyo iliyotwaa ubingwa wa NBA.

Ujuzi Unaohama na Usiohama

Jambo la tatu, nalo ndilo gumu zaidi, ni kutambua ujuzi utakaohama pamoja na mchezaji. Kila ligi ina mambo ambayo huwezekana humo tu. Kijana anayewapita wenzake kwa mbio anaweza kufika ligi kuu na kukuta kila mtu ana mbio. Kwa upande mwingine, anayesoma mchezo mapema, anayetoa pasi kwa wakati na anayemkabili mpinzani bila kuchoka, hupata kazi karibu kila mahali.

Timu ya Ignite ya msimu wa 2021/22 inalidhihirisha hili. Jaden Hardy alijiunga nayo akiwa mmoja wa wanafunzi wa sekondari waliosifiwa zaidi nchini Marekani, hasa kwa ufungaji. Dyson Daniels kutoka Australia hakuwa na jina kubwa kama hilo. Msimu ulipokwisha, mitupo mingi ya Hardy ilikuwa imekosa kikapu. Daniels naye alikuwa ameonyesha ulinzi, pasi na utulivu. Katika uteuzi wa 2022 Daniels alichukuliwa wa 8 na Hardy wa 37. Katika msimu wa 2024/25, akiichezea Atlanta, Daniels aliongoza NBA nzima katika kupokonya mipira, kwa wastani wa mara 3 kwa mchezo, na akatuzwa kama mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi. Ulinzi wake ulikuwa umehama pamoja naye.

Somo la Hasheem Thabeet

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulizungumzia suala hili bila kumtaja Hasheem Thabeet. Kijana huyu wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa takriban mita 2.21, alisomea Chuo Kikuu cha Connecticut na akatuzwa mara mbili, 2008 na 2009, kama mlinzi bora wa kundi la vyuo la Big East. Juni 2009 timu ya Memphis ilimteua wa 2, akawa Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Baada yake ndipo walipoteuliwa James Harden, wa 3, na Stephen Curry, wa 7, ambao wote wawili walikuja kuwa wachezaji bora wa mwaka wa ligi kuu.

Msimu wake wa kwanza Thabeet alifunga wastani wa pointi 3.1. Februari 2010 alipelekwa katika timu ya Dakota Wizards ya D-League, naye akawa mchezaji aliyeteuliwa katika nafasi ya juu zaidi kuwahi kupelekwa huko hadi wakati huo. Habari hizo zilipokelewa na wengi kama fedheha. Lakini tujiulize: fedheha ya nani? Orodha iliyomweka juu haikuandikwa naye. Waliomteua waliona urefu na mitupo aliyoizuia mbele ya wanafunzi wenzake, wakayasoma mafanikio hayo kana kwamba ni ahadi. Walipokosea, lawama haikuwaendea wao. Ilimwendea kijana, na tangu hapo kila alichofanya kilipimwa kwa namba 2 ambayo hakujipa. Alicheza NBA hadi 2014, jambo ambalo vijana wengi wa eneo letu hawajalifikia, ila mizani ya orodha ililifanya lionekane kama si kitu.

Namba au Tabaka?

Je, tuache kabisa kuwapanga chipukizi? La hasha. Timu zina nafasi chache na ni lazima zichague. Ila kuna namna bora ya kupanga. Wapangaji wenye busara hutumia tabaka badala ya kutegemea namba pekee. Tabaka la kwanza huwa la wale wanaotarajiwa kuongoza timu, la pili la wale wanaoweza kucheza kila siku, na la tatu la wale ambao wakiongeza ujuzi mmoja tu watapata kazi. Tofauti baina ya wa 4 na wa 5 katika tabaka moja huenda isiwe na maana yoyote, ilhali tofauti baina ya tabaka na tabaka ina uzito. Namba hudai uhakika ambao mpangaji hana, na tabaka hukiri mipaka ya ujuzi wake.

Hapa ndipo lugha yetu inapotufaa. Kiswahili kina neno chipukizi, lililotokana na kitenzi kuchipuka. Neno hili linakitaja kitu ambacho bado kiko njiani. Tunapomwita kijana wa miaka 18 nyota, tunamfikisha mwisho wa safari kabla hajaianza. Aidha, tunavyo viambishi -ta-, -nge- na neno huenda, ambavyo hutofautisha kinachotarajiwa, kinachotegemea sharti, na kinachowezekana tu. Mwandishi wa michezo anayeandika "ndiye bora" pale anapomaanisha "huenda akawa bora iwapo mkono wake utaimarika" amesema jambo asilolijua.

Hitimisho

Timu ya Ignite ilifungwa baada ya msimu wa 2023/24, wakati wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kujipatia fedha kutokana na majina yao. Lakini haja ya kuwapima vijana haikufungwa nayo, na sasa inatukaribia zaidi. Ligi ya Afrika, iliyoanza mjini Kigali mwaka 2021, ina mpango wa kuwapa vijana wa akademia nafasi katika timu zinazoshiriki. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyelelewa Uganda, alipitia humo, akaichezea City Oilers ya Kampala mwaka 2024, na mwaka 2025 akateuliwa wa 10 katika NBA.

Orodha za aina hii zitaandikwa pia kuhusu vijana wa shule zetu za upili, na bila shaka baadhi zitaandikwa kwa Kiswahili na wasomaji wa jarida hili. Anayeziandika aseme anapima nini, ataje umri wa mwili na wa mchezo, aonyeshe takwimu zake zimetokana na michezo mingapi, na atumie njeo inayostahili. Hapo kijana ataachiwa nafasi ya kukua, na orodha ikikosea, lawama itamrudia aliyeiandika.