Ziwa na Maziwa: Maana za Neno Moja Katika Mwambao wa Mweru

Katika semantiki, yaani taaluma inayochunguza maana za maneno, neno lenye maana zaidi ya moja huitwa kitawe, na maneno yanayokaribiana kwa maana kiasi cha kuweza kupokezana nafasi katika sentensi huitwa visawe. Istilahi hizi mbili hufundishwa shuleni kwa orodha za kukariri, ilhali uhai wake huonekana vizuri zaidi neno linapotazamwa mahali linapofanya kazi. Neno ziwa linastahili kutazamwa hivyo, na mwambao wa Mweru, kaskazini mwa Zambia, unafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa huko Kiswahili kinachosemwa upande wa Kongo hukutana na Kibemba kinachosemwa upande wa Zambia, na lugha zote mbili hulazimika kuyapa jina maji yale yale.

Mji wa Nchelenge, pamoja na Kashikishi unaopakana nao, uko kusini-mashariki mwa Ziwa Mweru, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 5,120. Mto Luapula huingia kutoka kusini baada ya kupita katika vinamasi vipana, kisha maji hutoka upande wa kaskazini, karibu na Pweto, kwa njia ya mto Luvua unaoyapeleka Lualaba na hatimaye Kongo. Mpaka wa nchi mbili hupita ziwani, na ng'ambo ya Nchelenge kuna mji wa Kilwa, katika eneo la Katanga, ambao haufai kuchanganywa na Kilwa ya pwani ya Tanzania. Wavuvi na wachuuzi wa chisense, ambao ni dagaa wa ziwa hilo, huvusha pamoja na bidhaa zao maneno ya pande zote mbili, na kile ambacho Mswahili hukiita ziwa, Mbemba hukiita bemba, neno ambalo kwa umbo halitofautiani na jina la watu wenyewe.

Jina Mweru nalo, katika lugha kadhaa za Kibantu, lina maana ya ziwa, kwa hiyo anayesema "Ziwa Mweru" amelitaja ziwa mara mbili bila kujua. David Livingstone, aliyefika kwenye maji hayo mwezi Novemba 1867, aliliandika Moero, na tahajia hiyo ndiyo iliyobaki katika Kifaransa cha Kongo. Mashariki yake liko Mweru Wantipa, ambalo jina lake hutaja tope, na ambalo katika historia limewahi kupungua maji hadi kukaribia kukauka kabisa. Hali hii ya jina la kawaida kugeuka jina la pekee si ya Mweru peke yake, kwani Nyasa kwa Kiyao ni ziwa, Nyanza na Nyanja ni ziwa katika lugha nyingi kuanzia Usukuma hadi Malawi, na huko mbali katika ukanda wa Saheli jina Chad nalo lina maana ya maji mengi yaliyotanda. Kurudufu kwa namna hii hakustahili kuitwa kosa. Wenyeji hawakuhitaji jina la pekee kwa maji waliyokuwa nayo mlangoni, bali wageni waliokuwa wameona maziwa mengi ndio waliohitaji kuyatofautisha, nao wakalichukua neno la kawaida na kulifanya jina.

Katika Kiswahili chenyewe ziwa lina uzito mwingine. Maana ya kwanza ni eneo kubwa la maji lililozungukwa na nchi kavu. Maana ya pili ni kiungo cha mama ambacho mtoto hunyonya. Na umbo la wingi, maziwa, limebeba maana ya tatu, ambayo ni kinywaji kinachotoka katika kiungo hicho au katika kiwele cha mnyama. Maziwa ya maana hii ya tatu hayana umoja, kwa sababu hayahesabiki. Sentensi "maziwa yamekauka" ikisimama peke yake inaweza kusomwa kwa njia tatu: kwamba maji ya nchi yamekwisha, kwamba mama hana tena cha kumnyonyesha mtoto, au kwamba kilichokuwa chunguni kimechemka hadi kikaisha. Kinachoondoa utata huo ni maneno jirani, kwa mfano hesabu, kwani anayesema "maziwa mawili" hawezi kuwa anakusudia kinywaji, na vitenzi, kwani kuvuka humwelekeza msikilizaji kwenye maji, kunyonya humwelekeza kwa mama, na kukama humwelekeza kwa ng'ombe. Vivyo hivyo, hakuna anayesikia habari za mto Luapula akafikiria mto wa kulalia.

Swali gumu zaidi ni kama ziwa la maji na ziwa la mama ni neno moja lililopanuka maana, au ni maneno mawili yaliyokutana katika umbo moja, hali ambayo wanaisimu huiita homonimia. Wapo wanaopendelea jibu la kwanza, kwa hoja kwamba vyote viwili ni chimbuko la kimiminika kinachotunza uhai, na fikra hiyo inavutia. Hata hivyo, lugha za jirani zinaelekeza kwingine. Kishona kina neno dziva, ambalo kwa sauti na maana ni ndugu wa ziwa, lakini hutaja maji yenye kina tu, huku titi likiitwa zamu. Kibemba cha Nchelenge kimetenganisha kila kitu, kwa maana bemba ni ziwa la maji, ibeele ni titi, na umukaka ni maziwa ya kunywa, na neno ibeele lina ndugu zake hadi Rwanda na Buganda. Ushahidi wa namna hii unaipa nguvu hoja ya homonimia, japokuwa kwa msemaji wa kila siku maana hizo zimeshaishi pamoja muda mrefu na hazimsumbui.

Visawe vya ziwa la maji navyo vinahitaji uangalifu, kwa sababu vinakaribiana bila kulingana. Dimbwi ni maji machache yaliyotuama, lambo ni mahali palipochimbwa au kuzibwa ili kuhifadhi maji ya mifugo na kilimo, na kinamasi ni ardhi iliyolowa yenye majani, kama ile ambayo Luapula hupita kabla ya kufika Mweru. Bwawa hutumika zaidi kwa maji yaliyozuiwa na ukuta, ndiyo maana kule Kariba, kusini mwa Zambia, huweza kusemwa bwawa kwa kukusudia kazi ya ujenzi, na ziwa kwa kukusudia maji yaliyotanda nyuma yake.

Upande wa mama, visawe ni titi na nyonyo, na neno hili la pili nalo ni kitawe, kwani mafuta ya nyonyo ni mafuta ya mbarika. Maziwa ya kwanza baada ya kuzaa huitwa dang'a. Shaaban Robert, alipotaka kuisifu lugha ya mama kwa shairi, aliifananisha na titi na si ziwa, uteuzi unaoondoa shaka yoyote kuhusu kinachotajwa. Waganga na wauguzi wamefuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa ugonjwa unaowaua wanawake wengi huitwa saratani ya matiti. Kama ungeitwa saratani ya maziwa, mama angeweza kudhani kwamba anaonywa kuhusu kinywaji. Hapa kisawe kinalinda uhai, na mtu anayekidharau kwa kudhani kwamba maneno yote yenye maana karibu ni sawa anaweza kumdhuru msomaji wake.

Kwa hiyo wanaotunga vipeperushi vya afya kwa Kiswahili, na hasa kwa wasomaji wa mipakani kama wa Mweru ambao wana lugha nyingine nyumbani, wanaombwa waandike titi wanapokusudia kiungo, maziwa ya mama wanapokusudia chakula cha mtoto, na walibakize ziwa kwa maji.