Mvua tele Chepkoilel, lakini maji huenda wapi?

MVUA ya masika inapoanza Chepkoilel, kilomita chache kutoka mjini Eldoret, mitaro ya barabara hufurika kwa saa moja tu na vijito vikageuka rangi ya udongo. Ifikapo Januari, wapo wakazi wa sehemu iyo hiyo wanaolazimika kufunga mitungi juu ya punda au baiskeli na kwenda kutafuta maji mtoni.

Hali hii huwashangaza wengi kwa sababu Uasin Gishu si nchi kame. Nyanda hizi, zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba huwa ni lita moja kamili ya maji. Hivyo basi, ekari moja ya shamba la mahindi hupokea lita milioni nne na ushei kila mwaka, ilhali familia inayotumia mitungi 10 ya lita 20 kwa siku huhitaji lita 73,000 pekee kwa mwaka mzima.

Kwa hakika, maji hayo hayapotei. Maji ya dunia hayaongezeki wala hayapungui kwa kiasi cha kutajika. Yanachofanya ni kuhama. Jua huyageuza kuwa mvuke kutoka baharini, ziwani, udongoni na kwenye majani ya mimea. Mvuke huo hupanda, hupoa, huwa mawingu, kisha hurudi chini kama mvua. Tone la maji hukaa angani kwa wastani wa siku tisa hivi kabla ya kuanguka tena. Duniani kote, karibu asilimia 60 ya mvua inyeshayo nchi kavu hurudi angani bila kufika baharini.

Anayetazama Ziwa Victoria au Bahari Hindi huenda akadhani kwamba maji ya kunywa ni tele. Ukweli ni kwamba asilimia 97.5 ya maji yote duniani ni ya chumvi. Katika hiyo asilimia 2.5 inayosalia, zaidi ya thuluthi mbili ni barafu, hasa ile ya Antaktika na Greenland, na sehemu kubwa ya yaliyobaki imefichwa ardhini. Maji baridi ya mito na maziwa, ambayo ndiyo macho huyaona na ndoo huyafikia, hayafiki nusu asilimia ya maji yote yasiyo na chumvi.

Kwa mkulima wa Chepkoilel, basi, swali muhimu zaidi ni muda ambao mvua inakaa karibu naye kabla ya kwenda zake.

Mvua ikianguka kwenye msitu au nyasi nene, matone huvunjwa nguvu na majani, na maji hunywewa na udongo polepole. Sehemu yake hupenya hadi kwenye nyufa za miamba ya volkano iliyo chini ya nyanda hizi, na baada ya wiki au miezi hutokeza tena kama chemchemi. Mvua iyo hiyo ikianguka kwenye shamba tupu lililogandamizwa na trekta na kwato za ng'ombe, huteleza juu juu na kufika mtoni kabla ya jioni, ikiwa imebeba udongo wenye rutuba.

Kando ya Mto Chepkoilel kipo kinamasi cha Marura, karibu na Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho hadi kilipopewa hadhi kamili mwaka wa 2013 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Kinamasi hufanya kazi kama sifongo: hupokea mafuriko, huyapunguza kasi, huchuja matope na kuachilia maji kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Mtu akichimba mtaro wa kukikausha ili apande mboga, huvuna vyema msimu wa kwanza na pengine wa pili. Si rahisi kumlaumu, kwa kuwa sukumawiki ya Januari ina bei nzuri. Lakini mtaro huo huo ndio unaoharakisha maji ya jirani yake wa chini.

Miti nayo si sawa yote. Mkaratusi, unaopendwa kwa nguzo na kuni, hukua upesi kwa sababu hunywa maji mengi. Mwaka wa 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyopandwa kando ya mito na kwenye ardhi chepechepe ing'olewe.

Maji yanayotoka upande huu wa nyanda hatimaye huingia Mto Nzoia, ambao mafuriko yake huwafukuza wakazi wa Budalang'i kutoka makwao, kisha Ziwa Victoria na Mto Nile. Mvua ikianguka mashariki kidogo, ng'ambo ya ukingo wa Elgeyo, huteremka hadi Mto Kerio na kuishia Ziwa Turkana. Ziwa hilo halina mto unaotoka, hivyo maji huondoka kwa mvuke na kuacha chumvi nyuma.

Mji wa Eldoret wenyewe hutegemea maji yaliyozuiliwa safarini: bwawa la Two Rivers kwenye vijito vya Sosiani, na bwawa la Chebara kwenye Mto Moiben, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Anayefungua mfereji mjini huenda anakunywa mvua iliyonyesha kwenye milima ya Cherangani.

Kwa asiye na mfereji, hesabu ni ya paa. Paa la mabati la mita 50 za mraba hupokea takriban lita 50,000 kwa mwaka. Tangi la lita 5,000 hujaa kwa mvua chache za Aprili, na mengine yote humwagika. Kiangazi kikianza, tangi hilo huitosha familia ile ya mitungi 10 kwa siku 25. Kuvuka siku 90 kavu kunahitaji tangi la lita 18,000.