Bunduki ya Kawaida, Shabaha ya Mbali

Anayetaka kupiga shabaha ya mita 800 kwa bunduki ya bei nafuu hana haja ya kuanza kwa kununua mtutu mpya. Anachohitaji ni skrubu zilizokazwa sawasawa, darubini iliyosimama wima, risasi za aina moja, na jicho lililozoea kusoma upepo. Naliandika hili kwa ajili ya wasomaji wa Sotik, Kaplong na Litein ambao swali lao la kwanza huwa ni jina la kiwanda. Kiwanda si hoja kubwa. Karibu kila bunduki ya kukoki kwa mkono inayotoka kwenye kiwanda cha kuaminika leo hulenga vizuri kuliko mwenye kuishika, na pesa nyingi hupotea kununua ubora ambao mpigaji hajafikia kiwango cha kuutumia.

Kabla ya skrubu, karatasi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila raia awe na cheti kutoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti hicho hutaja bunduki yenyewe, na hutaja pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuweka kwa wakati mmoja. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, hivyo mchezo wa shabaha ndani ya klabu ndiyo njia iliyobaki wazi kwa mpenzi wa bunduki ndefu. Jiunge na klabu kwanza, ujifunze kwa bunduki na macho ya wengine, ndipo uombe cheti.

Sotik ina sababu zake za kuichukulia silaha kwa uzito. Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kilikuja huku kuwaadhibu Wakipsigis, mamia ya watu wakauawa, na madai ya dhuluma za enzi hizo za ukoloni katika Kericho na Bomet yamefika hadi Umoja wa Mataifa. Jirani anayekuona umebeba kitu kirefu ndani ya mfuko ana haki ya kuuliza, nawe una wajibu wa kumjibu vizuri. Mwambie naibu chifu unachofanya. Na usifyatue risasi hata moja shambani kwako. Risasi ya .308 inaweza kuruka kilomita kadhaa kabla ya kuanguka, na kati ya Mto Kipsonoi na barabara ya Kisii hakuna kilomita kadhaa zisizo na nyumba, shule au wachuma chai. Ukiwa nyumbani unaandaa bunduki tupu. Risasi zinapigwa kwenye uwanja ulioidhinishwa, hata kama safari ni ya kwenda hadi upande wa Nairobi na Kiambu.

Kuhusu bunduki yenyewe sitakawia. Howa 1500 ya Japani, Tikka T3x ya Finland, Savage 110 ya Marekani iliyoanza kuundwa mwaka 1958, zote zinatosha. Savage ina faida moja: mtutu wake umefungwa kwa nati, kwa hiyo ukichakaa fundi mwenye vipimo sahihi huubadilisha bila kuuchonga upya. Ukiletewa bunduki ya zamani iliyobaki tangu enzi za uwindaji, ya .30-06 au .303, angalia mambo mawili kabla hujaulizia bei. Toa bolti, elekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha na utazame ndani: mifereji iwe na kingo kali, isiwe na mashimo ya kutu. Kisha kagua mdomo wa mtutu. Kovu dogo pale risasi inapotokea huiyumbisha kila inapotoka. Bunduki nyingi za .303 zilipigwa risasi za kijeshi ambazo fataki zake huacha chumvi ndani ya mtutu, na mwenyewe asipouosha kwa maji ya moto kisha akaupaka mafuta, kutu huanza kula chuma.

Kwa anayeanza, .308 Winchester ni chaguo la busara. Iliingia sokoni mwaka 1952, mtutu wake hudumu kwa maelfu ya risasi, na haimpigi mtu bega kupita kiasi. Pia ndiyo inayokubalika, pamoja na .223, katika daraja la F-TR la mashindano ya F-Class. Mchezo huo uliasisiwa na Mkanada George Farquharson ili wapigaji waliozeeka, ambao macho yao hayakuweza tena kutumia vilengeo vya chuma, waendelee kushindana kwa kutumia darubini na miguu miwili ya mbele. Uzito wote katika F-TR hauzidi kilo 8.25. Ni daraja linalomfaa mtu mwenye bunduki ya kawaida, kwa kuwa kanuni zake zinafunga mlango kwa risasi kubwa na za gharama.

Sasa tuje mezani. Hakikisha hakuna risasi chumbani, toa bolti, hakikisha tena.

Chukua noti ya shilingi 100, ipitishe kati ya mtutu na mbao ya kitako, uivute kutoka mbele kurudi nyuma. Ipite bila kukwama hadi karibu na chemba. Ikikwama, mbao inagusa mtutu, na kila risasi inapopigwa mtutu hutikisika na kuigonga mbao kwa namna tofauti. Katika nchi ya chai tatizo hili ni kubwa kuliko Isiolo au Garissa, maana mbao hunywa unyevu. Kitako kilichokuwa sawa mwezi wa Januari hujipinda mwezi wa Aprili mvua ndefu zikishika, na shabaha huhama bila mwenyewe kuelewa sababu. Kwangua mbao kwa msasa uliozungushiwa kijiti hadi noti ipite, kisha ziba sehemu iliyokwanguliwa kwa vanishi, ndani na nje. Kitako cha plastiki ngumu hakinywi maji, ingawa vya bei ya chini huwa laini mbele na vinaweza kugusa mtutu ukiegemea miguu ya mbele kwa nguvu. Kijaribu kwa noti ileile huku ukiwa umeegemea.

Skrubu mbili zinazoshika mwili wa bunduki kwenye kitako ndizo zinazopuuzwa kuliko zote. Zikaze kwa spana inayopima mkazo. Kitako cha mbao tupu hutosheka na nyutoni-mita 4 hadi 5. Chenye nguzo za alumini ndani hubeba karibu 7. Fuata kitabu cha bunduki yako kikisema tofauti. Mkazo ukibadilika, mahali risasi zinapotua hubadilika. Barabara ya kutoka Sotik ina matuta ya kutosha kulegeza skrubu ndani ya buti la gari, kwa hiyo spana hiyo iwe ndani ya mfuko wa bunduki siku zote.

Kwenye darubini usibane mkono. Kama una fungu moja la pesa, ni afadhali bunduki ya wastani yenye darubini nzuri kuliko kinyume chake. Tafuta ambayo vitufe vyake vinarudi palepale vilipoanzia: zungusha juu hatua 50, rudisha 50, piga tena, risasi itue kwenye tundu la awali. Vipimo vya kitufe na vya mistari ndani ya kioo viwe vya aina moja. Mimi napendelea miliradiani kwa sababu hesabu yake ni ya mita tulizozoea: miliradiani 1 kwa mita 100 ni sentimita 10, kwa mita 800 ni sentimita 80. Chini ya darubini weka reli iliyoinama kidogo kuelekea mbele, ya dakika 20 za pembe, ili kitufe kisifike mwisho kabla hujafika mita 800.

Halafu iinue iwe wima. Risasi ya .308 kwenye yadi 1,000 huwa imeshuka mita 10 hivi chini ya mstari wa bunduki iliyosawazishwa kwa yadi 100, na mita hizo zote unazirudisha kwa kitufe cha juu. Darubini ikiwa imelala nyuzi 2 tu upande mmoja, kila unapopandisha unasukuma pia pembeni, na mwisho wa safari risasi iko sentimita 35 kushoto au kulia. Mpigaji anailaumu hewa wakati kosa lilifanyika mezani kwake. Dawa ni ya fundi mwashi. Tundika timazi kwenye boriti ya stoo au tawi la mkaratusi, umbali wa mita 20 hivi, mahali pasipo na upepo. Weka pima maji juu ya reli mpaka bunduki yenyewe itulie sawa, kisha tazama kioo na uizungushe darubini ndani ya pete zake mpaka mstari wa wima ulale juu ya uzi wa timazi. Kaza skrubu za pete kwa zamu, kushoto na kulia, kidogo kidogo, zisizidi nyutoni-mita 2 hivi. Tazama tena. Mara nyingi darubini husogea wakati wa kukaza, na unarudia.

Triga ya kilo moja hadi moja na nusu inatosha, mradi iachie bila kukwaruza. Isipoachia hivyo, mpe fundi wa silaha mwenye leseni, usijichongee mwenyewe. Jifunze kuivuta kwa mazoezi makavu, bunduki tupu, mdomo wa mtutu umeelekezwa penye ukuta imara. Weka sarafu ya shilingi 10 juu ya mtutu karibu na mdomo na uvute. Sarafu ikianguka, kidole chako kimeisukuma bunduki. Bunduki nyingi za leo za .308 hazidhuriki na zoezi hili, lakini za .22, hasa za zamani, pini yake huweza kugonga ukingo wa chemba na kuutia kovu.

Na hiyo .22 usiidharau. Kwa bei ya risasi moja ya .308 unapata kadhaa za .22, na risasi yake ya greni 40 iliyosawazishwa kwa mita 50 huwa imeshuka zaidi ya mita moja ikifika mita 200. Upepo mdogo unaichezea. Bunduki kama CZ 457 kwenye uwanja wa mita 200 inakupa somo lote la kupandisha na kupembua upepo bila kumaliza hesabu ya risasi kwenye cheti. Ningekuwa na uwezo wa kuamuru, kila mwanafunzi angemaliza msimu mzima na .22 kabla ya kugusa nyingine.

Hewa yetu inahitaji maelezo, maana vitabu vingi viliandikwa na watu wa nchi za chini. Sotik iko mwinuko wa mita 1,800 hivi. Hewa ya huku ina uzito pungufu kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na ya Mombasa siku ya joto, kwa hiyo risasi hupata kizuizi kidogo na hushuka kidogo. Jedwali la mporomoko lililokokotolewa kwa usawa wa bahari litakupandisha kwenye yadi 1,000 kwa karibu mita nzima kupita shabaha. Ingiza kwenye programu ya simu shinikizo halisi la hewa ya uwanjani, lile kipimo kinalolisoma papo hapo, si lile la utabiri wa redioni ambalo limesahihishwa kuwa la usawa wa bahari. Wapigaji wa Kenya wanaosafiri kwenda Bisley, uwanja wa Uingereza unaotumika tangu 1890, hukutana na jambo hili kinyumenyume: hewa nzito ya huko huziangusha risasi zao chini ya walivyozoea. Hewa yetu nyepesi ina zawadi nyingine. Risasi ya .308 ya greni 168, ambayo karibu na bahari hupungua kasi hadi ile ya sauti na kuanza kuyumba kabla ya kufika yadi 1,000, hapa hudumu mbele zaidi. Hata hivyo kwa masafa hayo nunua ya greni 175.

Nunua masanduku kadhaa ya kundi moja la kiwandani, namba ya kundi ikiwa ileile, kuliko aina tano tofauti za kujaribu. Piga risasi tano kwa karatasi, si tatu; tatu humpa mtu matumaini yasiyokuwepo. Zikikaa ndani ya sentimita 3 kwa mita 100, hiyo ni karibu dakika moja ya pembe, bunduki yako imekamilika na usiiguse tena.

Kilichobaki ni upepo, na hapo mtu wa nchi ya chai ana darasa la bure. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukikata njia ya risasi huisogeza takriban mita 2 kwenye yadi 1,000. Asubuhi vilima vyetu hutulia. Mchana upepo wa Ziwa Victoria hupanda kutoka magharibi na kukutana na ule wa mashariki, na mawingu ya mvua ya alasiri hujengeka hapo. Simama kando ya shamba la chai saa tano asubuhi. Tazama moshi wa bomba la kiwanda, kisha vilele vya mikaratusi iliyopandwa kukinga upepo, kisha majani ya chai yaliyo karibu nawe. Mara nyingi vitatu hivyo havikubaliani, na risasi itapita katika vyote kwa takriban sekunde moja na nusu. Kadiria kasi, kadiria upande, andika kwenye daftari, kisha hakikisha kwa kipimo cha upepo cha mkononi. Upepo wa karibu na mpigaji upewe uzito zaidi katika hesabu, kwa sababu pembe inayoanzia hapo hupanuka hadi kwenye shabaha.

Daftari hilo liende nawe uwanjani. Kabla ya risasi ya kwanza andika tarehe, shinikizo, joto, namba ya kundi la risasi na mkazo wa skrubu, kisha uthibitishe usawazisho kwa mita 100 kabla ya kusogea nyuma.