Unauza vitu vya mbwa wadogo? Pima kwanza, ndio upokee hela



Leo naongea na wewe unayeuza kupitia simu, hasa kama umeingia au unataka kuingia kwenye vitu vya mbwa wadogo: kola, kamba, nguo na mapambo. Ni biashara nzuri, mzigo wake mwepesi, unatumwa kwa basi bila shida. Lakini ina mtego wake, na mimi nilinasa. Nakusimulia ili wewe usinase.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nauza kava za simu na chaja hapa Arusha. Mteja mmoja akaniuliza kama naweza kumpatia kola ya mbwa wake mdogo, maana kila alipopita alikuta mikanda minene ya mbwa wa ulinzi. Nikaagiza Kariakoo, akanunua mbili, kesho yake akaniletea rafiki yake. Nikasema hapa kuna hela. Nikachukua laki tatu na nusu, karibu akiba yangu yote, nikashusha mzigo. Mama alicheka sana: "Watu hawajamaliza kununua nguo zao, wewe unamuuzia mbwa?" Nikamwambia subiri uone.

Kosa langu nilinunua kwa macho. Kola zinazong'aa, zenye kengele, zenye maua. Mteja akiuliza, namuuliza mbwa wako mkubwa au mdogo? Akisema mdogo, namtumia S. Basi. Nyingi zilirudi. Ila kilichoniuma zaidi hakikuwa hela.

Kuna dada wa hapa hapa mjini alinunua kola nyekundu kwa ajili ya Maltese wake. Asubuhi moja getini pikipiki ilipita inapiga kelele, mbwa akashtuka, akarudi nyuma kwa nguvu. Kola ikapita kichwani, mbwa akakimbilia barabarani. Walimpata siku ya tatu, mguu umevunjika. Yule dada hakunitukana. Alinitumia picha ya ile kola tu, imelala chini, klipu yake bado imefungwa.

Kola haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeuza bila kupima. Tangu siku hiyo nilianza kuwauliza madaktari wa mifugo, nikawa napima mbwa wa wateja mwenyewe, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. "MBWA MDOGO" SIO SAIZI

Chihuahua mzima kwa kawaida hafiki kilo 3 au anazidi kidogo. Yorkshire Terrier na Pomeranian wako karibu na hapo. Shih Tzu ana kilo 4 hadi 7. Pug anafika kilo 6 hadi 8. Wote hao mwenyewe atakuambia "ni mbwa mdogo". Unaona? Mmoja anaweza kuwa mara mbili ya mwenzake.

Halafu maumbo hayafanani. Pug ana shingo nene, karibu sawa na kichwa, kwa hiyo kola inateleza kirahisi. Pomeranian anaonekana mnene, kumbe ni manyoya tu, shingo yenyewe nyembamba. Na mbwa wengi wa kwetu wamechanganya damu, jina la aina halikusaidii chochote. Kinachokusaidia ni sentimita.

2. VIPIMO VITATU, USIUZE BILA HIVYO

Mwambie mteja atumie futi ya fundi cherehani. Kama hana, achukue uzi au kamba ya kiatu, azungushe, kisha alaze kwenye rula. Mbwa awe amesimama.

Shingo: pale kola inapokaa, sio juu karibu na masikio. Kama ana manyoya mengi, asukume futi iguse mwili bila kubana.

Kifua: kuzunguka mwili nyuma kidogo ya miguu ya mbele, pale penye upana kuliko kote.

Mgongo: kuanzia mwisho wa shingo hadi mkia unapoanzia. Mkia wenyewe hauhesabiwi.

Kwa kola, chagua ambayo kipimo chake kinaangukia katikati ya matundu, sio tundu la mwisho. Ikishafungwa, vidole viwili vipite chini yake kwa kubanana kidogo. Kwa wale wadogo kabisa kama Chihuahua, kidole kimoja kinatosha. Halafu kuna jaribio ambalo mimi sikulijua wakati ule: mvutie mbwa kola taratibu kuelekea masikioni. Ikipita kichwani, hiyo ni kubwa, hata kama inapendeza vipi.

Kwa nguo, kifua ndiyo bosi. Mgongo ukipungua kidogo nguo itaonekana fupi tu, lakini kifua kikibana mbwa hapumui vizuri wala hatembei vizuri. Kikiangukia kati ya saizi mbili, mpe kubwa.

Meseji ninayotuma mimi ni hii, ichukue tu: "Asante kwa oda. Kabla sijakutumia, naomba vipimo vitatu vya mbwa wako kwa sentimita: shingo, kifua na mgongo. Pia niambie umri wake, na kama anakohoa akivutwa kamba." Mteja mwingine ataona unamsumbua. Mwambie kwa upole kwamba unampunguzia gharama ya kurudisha.

3. KOLA: WEPESI KWANZA, UREMBO BAADAYE

Upana wa sentimita 1 hadi 1.5 unawatosha mbwa wengi wa aina hii. Nailoni laini au ngozi laini ni sawa. Ngozi ngumu inachubua. Mnyororo wa kukaba mbwa wa kilo 3 hapana, mi siuzi kabisa.

Ukipokea mzigo, usipange dukani kabla hujafanya haya:

Funga na fungua klipu kama mara ishirini, kisha ivute kwa nguvu. Ikiachia mkononi mwako, itaachia na getini.

Angalia pete ya kushikia kamba. Iliyounganishwa kabisa ni nzuri. Yenye mwanya itafunguka mbwa akivuta.

Lowanisha kola, isugue na kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, ujue itatoka kwenye manyoya ya Maltese mweupe, na mteja atakurudishia na maneno juu.

Vuta kengele na maua. Kikitoka kirahisi, mbwa atakitafuna na kukimeza. Kitoe mwenyewe, uza kola bila kengele.

Na kama ni mtoto wa mbwa, mwambie mteja aikague kola kila wiki. Mbwa anakua, kola haikui. Ikisahaulika inaanza kukata ngozi.

4. HANESI NI BIASHARA YA MARA YA PILI KWA MTEJA YULE YULE

Hanesi ni ule mkanda unaopita kifuani badala ya shingoni. Nilidhani ni urembo tu, kumbe una kazi. Mbwa wadogo kama Yorkshire Terrier, Pomeranian na Chihuahua wanajulikana kwa udhaifu wa bomba la hewa shingoni. Linaweza kubonyea, na ukivuta kamba iliyofungwa kwenye kola unalikandamiza zaidi. Dalili moja ni kikohozi kikavu cha kukwaruza, kama sauti ya bata bukini.

Kwa hiyo mteja akikuambia mbwa wake anakohoa akivutwa, usimuuzie kola ya kutembezea. Muuzie hanesi, na mwambie ampeleke kwa daktari wa mifugo. Wewe sio daktari, usimwambie ni ugonjwa gani. Kola nyepesi ibaki kwa kuvaa kibati chenye namba ya simu ya mwenye mbwa. Hicho kibati msisitizie, mbwa akipotea ndicho kinachomrudisha nyumbani.

Kamba ya kutembezea, urefu wa mita 1.2 hadi 1.5 unatosha mjini. Angalia ndoano yake. Ndoano nzito inampiga mbwa mdogo begani kila akitembea.

5. NGUO: ULIZA MTEJA YUKO MKOA GANI

Hapa Arusha mwezi wa sita hadi wa nane sweta linauzika lenyewe. Njombe, Mbeya na Lushoto hali kadhalika. Chihuahua ana manyoya mafupi na mwili mdogo, baridi inamuingia haraka.

Lakini Dar mwezi wa kwanza? Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, jasho la kumpoza linatoka hasa chini ya nyayo. Joto anapunguza kwa kuhema, ulimi nje. Na hawa wenye pua bapa, Pug na Shih Tzu, kuhema kwenyewe kwa shida. Ukimvisha sweta lenye bitana kwenye lile joto unamtafutia matatizo. Mimi mteja wa Dar akitaka sweta kipindi cha joto namuuliza ni la safari au la picha. Kama ni la picha, namshauri kitambaa cha shingoni au kizibao chepesi cha pamba. Nimepoteza oda kadhaa kwa ushauri huu, siwadanganyi. Lakini wengi walirudi.

Ukikagua nguo, angalia mshono wa kwapani, ndio unaochubua. Dume anahitaji nguo iliyokatwa juu zaidi tumboni, la sivyo atajikojolea. Zipu na ule utepe wa kunata vinakamata manyoya marefu, kwa hiyo kwa Yorkshire Terrier na Shih Tzu ninapendelea vifungo vya kubana vilivyoshonwa imara. Na mwambie mteja amvue mbwa nguo anapomuacha peke yake.

6. KOLA ZA KUUA KUPE SIO MAPAMBO

Zile zina dawa. Kama pakiti haina maelezo ya kueleweka, haisemi uzito wala umri wa mbwa anayefaa, usiuze, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Dozi ya mbwa mkubwa inaweza kumdhuru wa kilo 2. Na iliyoandikwa ya mbwa usimuuzie mtu wa paka, kuna dawa za mbwa ambazo kwa paka ni sumu. Mi nawaelekeza duka la dawa za mifugo.

7. SASA HESABU

Tuseme kola umenunua 3,000, umeuza 7,000. Faida 4,000. Saizi ikikosewa, boda ya kuirudisha 3,000 na ya kupeleka nyingine 3,000, ukibeba wewe. Jumla 6,000. Umeuza, umehangaika, umepata hasara ya 2,000. Meseji moja ya kuuliza vipimo ingekuokoa.

Ndio maana siku hizi sinunui dazeni tano za muundo mmoja. Nachukua chache chache, hasa zinazorekebishika. Mzigo ukifika naupima wote kwa futi na kuandika sentimita kwenye kila pakiti, kwa sababu S ya kiwanda hiki ni XS ya kiwanda kile. Ukiposti, laza kola pembeni ya rula upige picha, na andika kipimo kwenye maelezo. Maswali yanapungua nusu. Na uwe na daftari: jina la mbwa, vipimo, tarehe. Mtoto wa mbwa uliyemuuzia mwezi wa pili, mwezi wa tano mkumbushe mwenyewe apime tena. Hiyo ni oda nyingine, na kweli anaihitaji.

MWISHO

Yule Maltese alipona, ila anachechemea kidogo. Hela ya kola nilirudisha siku ile ile na ya daktari nilichangia nilichokuwa nacho, ingawa yule dada hakudai. Mwaka jana alikuja dukani naye kwenye kikapu, akaniambia, "Haya, mpime." Nilimpima mara mbili, nikamfunga hanesi mwenyewe, nikaivuta kila upande. Alipotoka nilisimama mlangoni nikiwaangalia mpaka wakavuka barabara.

Mteja anaponunua kitu cha mbwa wake, anakukabidhi mnyama ambaye hawezi kusema "hii inanibana" au "hii itanivuka". Wewe ndiye wa kusema. Pima kwanza.

Kama umepata kitu, mtumie mwenzako anayeuza. Na wewe unayeuza vitu vya wanyama, ni saizi gani inakusumbua zaidi kurudishiwa? Tuambie, tujifunze wote.